Riwaya yenye matusi darasani: iondolewe, ikatwe, au ifundishwe namna gani?

Chaki Nyeupe (Katuba, Lubumbashi) anauliza:

Jambo kwenu walimu, wazazi na watunza maktaba.

Mjadala ni juu ya riwaya *Allah n'est pas obligé* ya Ahmadou Kourouma, katika kozi ya Kifaransa, mwaka wa tatu wa umanite (sekondari ya juu), vijana wa miaka 16 na 17. Darasa lina wanafunzi 58. Mwalimu ana nakala moja ya kitabu, na nyingine moja iko maktaba. Wanafunzi wanasoma dondoo kwa fotokopi. Picha ya ukurasa wenye «faforo» na «gnamokodé», matusi ya kimalinke, imezunguka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na komite ya wazazi imemwandikia prefe (mkuu wa shule) ikiomba mambo matatu: riwaya isifundishwe tena, itolewe maktaba, na tangu sasa kitabu chochote chenye tusi kisiingie shuleni. Shule ni ya konvansyone, yaani ya dola lakini inasimamiwa na kanisa. Prefe ameomba walimu wa Kifaransa wamwandalie jibu la maandishi kabla ya mkutano mkuu wa wazazi.

Naomba msaada kwa haya. Nani ana uwezo wa kuamua? Kufuta maneno kwa wino mweusi kunaweza kuwa njia ya katikati? Na riwaya ikibaki, somo liendeshwe vipi ili dakika 50 zisiishie kwenye vicheko? Wazazi wale wana hofu ya kweli, na wanastahili jibu lenye heshima na lenye hatua zinazoonekana.

---

Mwenye Rafu (mtunza maktaba, Bukavu):

Aksanti mwalimu kwa kueleza vizuri. Anza kwa kuyatenganisha maombi yale matatu, maana kila moja lina uzito wake na mwamuzi wake.

Ombi la kwanza linagusa kitu ambacho mwanafunzi analazimishwa kusoma na anapewa pointi juu yake. Hapo mzazi ana sauti nzito, angalau kwa mtoto wake. Ombi la pili linagusa kitabu kilicho kwenye rafu, ambacho anakiazima anayekitaka. Mzazi anaweza kumkataza mwanawe, ila hawezi kuwakatazia watoto wa jirani. Ombi la tatu halitaji kitabu chochote. Ni kanuni ya kuwinda maneno, na haitekelezeki. Shule ya konvansyone ikiitumia kwa haki, itabidi ianze na Biblia: 2 Wafalme 18:27 inataja mavi na mikojo bila kuzunguka, na Ezekieli 23 inasema juu ya uzinzi kwa ukali kuliko riwaya nyingi. Hakuna padri wala mchungaji atakayekubali hilo, na ana haki, kwa sababu anajua maneno yale yamewekwa pale kwa kazi gani. Riwaya nayo iulizwe swali hilohilo.

Marekani wamelipigania jambo hili hadi mahakamani. Sheria yao haitawali Katanga, lakini fikira zao zinasaidia. Mwaka 1969, kesi ya mwalimu wa mji wa Ipswich, Massachusetts, ilifika mahakama ya rufaa. Alikuwa amewapa wanafunzi wa mwaka wa mwisho makala ya jarida yenye neno chafu, akaeleza asili ya neno lile na sababu ya mwandishi kulitumia, akaruhusu anayechukizwa afanye kazi nyingine. Mahakama ilimwunga mkono, ikaonyesha pia kwamba vitabu visivyopungua vitano vyenye neno lilelile vilikuwa tayari kwenye maktaba ya shule hiyo. Halafu mwaka 1982, katika kesi ya Island Trees, jimbo la New York, Mahakama Kuu ya nchi iligawanyika 5 kwa 4. Maoni makuu ya upande ulioshinda yalisema bodi ya shule haiwezi kuondoa kitabu maktaba kwa kuchukia mawazo yake tu, lakini inaweza kama kitabu kimejaa uchafu toka mwanzo hadi mwisho au hakifai kwa elimu. Angalieni tofauti: *kimejaa*, wala hawakusema *kina*. Na kesi ile ilikuwa juu ya maktaba. Masomo ya lazima hayakuguswa.

Sasa kazi yenyewe. Andaa fomu ya ukurasa mmoja ambayo kila mlalamikaji anaijaza: darasa la mtoto, jina la kitabu na mwandishi, umesoma kitabu chote au sehemu gani, kurasa gani zinakusumbua, unahofia zitamletea mtoto nini, na unaomba nini, yaani mtoto wako apewe maandishi mengine, kitabu kipelekwe madarasa ya juu, au kiondolewe kabisa. Swali la mwisho ndilo linalopoza moto, kwa sababu wazazi wengi wanaosema «kiondolewe» hawajaonyeshwa kwamba kuna njia nyingine mbili kabla ya hiyo.

Kisha kamati ya watu 7: direkta wa masomo, walimu wawili wa Kifaransa (mmoja awe asiyefundisha kozi inayolalamikiwa), mtunza maktaba, wazazi wawili waliochaguliwa na COPA (komite ya wazazi), na mjumbe wa koordinasyo ya kanisa linalosimamia shule. Mlalamikaji anasikilizwa kwanza, hapigi kura. Kila mjumbe anasoma kitabu chote. Hapa ndipo kamati nyingi zinapokwama, kwa hiyo piga hesabu mapema: mna nakala 2, riwaya ina kurasa zaidi ya 200, mpe kila mtu siku 5. Watu 7 kwa nakala 2 ni zamu nne, siku 20. Ongeza siku chache za mkutano na za kuandika uamuzi, unafika mwezi. Mwambie prefe tarehe hiyo waziwazi. Katika mwezi huo kitabu kibaki kwenye orodha ya maktaba, nakala yake irudi rafuni mara kamati inapomaliza kusoma, na dondoo ambalo halijalalamikiwa liendelee kusomwa. Ukikiondoa kitabu «kwa muda», hakitarudi, maana hakuna atakayekuwa na haraka tena.

Yanayoharibu: kura ya mikono kwenye mkutano mkuu, mbele ya wazazi mia mbili ambao hawajagusa kitabu. Wajumbe kupewa kurasa zilizopigiwa mstari peke yake. Uamuzi wa mdomo. Na uamuzi usio na tarehe ya kurudiwa, ambao mwakani prefe mpya haujui na mzozo unaanza upya.

---

Kalamu ya Ruashi (mwalimu wa Kifaransa, Lubumbashi):

Mwenye Rafu amejibu upande wa karatasi. Nami nijibu juu ya wino mweusi na juu ya somo.

Wino mweusi, hapana. Kwanza unavuja upande wa pili na kuharibu mistari isiyo na kosa. Pili, kijana anainua karatasi kwenye dirisha na anasoma. Umemwonyesha kwa kidole pale pa kutazama. Tatu, sheria ya haki za mwandishi ya Kongo, ordonansi-sheria 86-033 ya 5 Aprili 1986, inalinda haki ya mwandishi juu ya kazi yake. Kuibadili na kuisambaza kwa jina lake ni kumsingizia. Kama kuna sentensi usiyotaka kwenye dondoo, weka […] na useme darasani kwamba umekata mistari mitatu. Kukata kunakotangazwa ni kazi ya kawaida ya mwalimu. Kukata kwa siri kunavunja imani siku mwanafunzi atakapokutana na kitabu kizima.

Lakini kwa riwaya hii, kukata matusi ni kukata mfupa. Msimulizi, Birahima, ni mtoto wa mitaani aliyegeuzwa askari katika vita vya Liberia na Sierra Leone. Shule aliiacha akiwa mdogo sana. Katika kurasa za kwanza anajieleza kwa nukta sita, na nukta ya tatu ni kwamba hana adabu na anatukana, tena kwa kimalinke. Nukta ya tano ni kwamba ana kamusi nne: Larousse na Petit Robert, kamusi ya maneno ya Kifaransa cha Afrika nyeusi, na Harrap's. Anazitumia kuwaelezea Waafrika maneno makubwa ya Kifaransa, na kuwaelezea Wazungu maneno ya Afrika. Mtoto mmoja, kinywa cha matusi na kamusi nne mkononi: riwaya yote inakaa juu ya hilo. Ukiondoa nukta ya tatu, ya tano inakosa maana.

Kwa hiyo chagua dondoo hapo, mistari 30 hadi 35, usichukue ukurasa wa katikati ya vita. Karatasi ya A4, upande mmoja. Juu kabisa andika mwandishi, jina la riwaya, mwaka 2000, namba za kurasa, nani anasema, yuko wapi, amepitia nini. Sentensi tatu zinatosha. Hesabu mistari kwa tano-tano. Chini weka maelezo ya maneno, kwa kutumia maelezo ya Birahima mwenyewe ndani ya mabano yake. Usitafsiri matusi kwa Kiswahili cha nyumbani. Neno la kimalinke lina umbali, na umbali huo ndio unaomruhusu kijana kufikiri. Ukilileta kwa maneno anayoyasikia sokoni, darasa limepasuka. Ile picha ya WhatsApp iliumiza kwa sababu ukurasa ulitoka bila kichwa. Karatasi yenye kichwa, hata ikipigwa picha, inajieleza yenyewe.

Kwenye fishi ya somo (karatasi ya maandalizi ya mwalimu), lengo liandikwe hivi: mwishoni mwa somo, mwanafunzi ataweza kutofautisha sauti ya msimulizi na sauti ya mwandishi kwa kutaja alama tatu ndani ya maandishi. Usiandike «kusoma dondoo la Kourouma». Hilo si lengo, na enspekta atakuuliza.

Dakika 50 zinagawanyika kwa urahisi. Tano za kukumbusha somo lililopita na kuweka kanuni ya kusoma: neno linasomwa mahali lilipo, halirushwi kwa mtu, anayelirusha anapelekwa kwa direkta wa nidhamu kama siku nyingine yoyote. Kumi za kusoma kwa sauti, na anayesoma ni mwalimu. Usimwinue mwanafunzi, hasa msichana, asome tusi mbele ya wavulana 30. Akitaka kurejea neno katika jibu lake anasema «neno la mstari wa 9». Soma kwa sauti ileile, usipunguze wala kupandisha unapofika kwenye neno. Kicheko kinazaliwa pale mwalimu anapoonyesha aibu.

Dakika 20 ni za uchambuzi, na hapa chora ubaoni safu tatu: neno, linaelekezwa kwa nani, kimetokea nini kabla yake. Wanafunzi watagundua wenyewe kwamba karibu kila mara «faforo» ya Birahima haielekezwi kwa mtu. Ni mshangao, ni kiapo cha mtoto aliyechoka, na ndiyo maana anaitupa mwishoni anapofunga sehemu ya masimulizi yake, pamoja na «walahé», ambayo ni kuapa kwa jina la Mungu. Hapo weka tofauti tatu: kumtukana mtu, kulaani hali, na mwandishi kumpa mhusika ulimi unaolingana na maisha yake. Kumi za muhtasari ambao wanafunzi wanauandika kwenye kaye. Tano za swali la kuandika, kila mtu peke yake.

Kinachoharibika mara nyingi ni haraka. Mwalimu anaogopa neno, analiruka, anarudi kwenye sarufi. Darasa linabaki na neno lile bila mwongozo. Ni afadhali kutolifundisha dondoo kabisa kuliko kulifundisha nusu.

Na waambie wazazi jambo moja la kweli: mwaka 2000 riwaya hii ilipata tuzo ya Renaudot, na pia Goncourt des lycéens, tuzo ambayo waamuzi wake ni wanafunzi wa lise za Ufaransa wenyewe, vijana wa rika la darasa lako.

---

Mama wa Kampemba (mwanasheria na mzazi, Lubumbashi):

Ndugu walimu, nawaheshimu, lakini upande wa mzazi nao una nguvu na ningependa usemwe.

Katiba, ibara ya 23, inatoa uhuru wa kutoa maoni, na palepale inaufunga na sheria, utulivu wa watu na maadili mema. Sheria 09/001 ya 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inamhesabu mtoto kila aliye chini ya miaka 18, hivyo karibu darasa lote la Chaki Nyeupe ni watoto mbele ya sheria. Mkataba wa haki za mtoto, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990, una ibara ya 17 yenye pande mbili: dola ihimize vitabu vya watoto vitungwe na visambazwe, na papo hapo iweke mwongozo wa kumlinda mtoto na maandishi yanayomdhuru. Anayesoma upande mmoja tu amesoma nusu.

Sheria hizi hazisemi kwamba tusi ndani ya riwaya ni kosa. Tusi si ponografia, na mzazi anayetishia kumshtaki mwalimu kwa «faforo» hatapata pa kusimamia. Pia niliweke wazi hili, kwa maana linatajwa kila mara: tume ya taifa ya kuhakiki nyimbo na maonyesho ni ya nyimbo na maonyesho, kama jina lake linavyosema. Msipeleke riwaya ya shule huko.

Ila kuwa halali hakukifanyi kitabu kifae kwa umri wowote. Maoni yangu ni haya. Mwaka wa 7 na wa 8, watoto wa miaka 12 hadi 14, maandishi ya lazima yasiwe na lugha ya aina hii. Wana mengine ya kutosha ya kujifunza, na hawajapata chombo cha kutenganisha msimulizi na mwandishi. Mwaka wa kwanza wa umanite, dondoo fupi kwa uangalifu. Kuanzia mwaka wa tatu, kwa njia aliyoonyesha Kalamu ya Ruashi, nakubali bila wasiwasi.

Na kuna vitabu vya rafuni tu. *Tram 83* ya Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi, iliyotoka mwaka 2014, tuna haki ya kujivunia nayo. Lakini inakaa ndani ya baa ya usiku katika mji wa madini, na wasichana wanaouza miili yao wanarudi na maneno yao kila baada ya mistari michache. Lugha ile imeenea toka ukurasa wa kwanza. Iwe maktaba kwa wa mwaka wa nne na kwa walimu. Kuifanya ya lazima kwa kijana wa miaka 15, mimi nitapinga, na nitakuja na fomu ya Mwenye Rafu iliyojazwa vizuri.

Tahadhari yangu nyingine ni juu ya orodha zinazotoka juu. Tanzania, Februari 2023, wizara ya elimu ilitangaza vitabu 16 visivyoruhusiwa shuleni kwa sababu za maadili na desturi. Nchi hiyohiyo iliwahi kuikataza shuleni *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, kisha baadaye ikaiweka kwenye masomo ya sekondari. Kitabu hakikubadilika hata herufi. Kwa hiyo ninyi walimu na sisi wazazi tuamue karibu na mtoto, darasa kwa darasa, kitabu kwa kitabu, na tuandike sababu.

---

Ngazi ya Pili (mshauri wa wanafunzi, Goma):

Naomba niseme kitu ambacho hakuna aliyekigusa bado. Komite inalalamikia matusi, na matusi ndiyo kitu chepesi kuliko vyote katika riwaya hii. Kizito ni mauaji, ubakaji, watoto wanaopewa dawa za kulevya na silaha, na namna Birahima anavyosimulia kifo cha mtoto mwenzake kwa sauti ya kawaida. Kwetu Kivu, na hata Lubumbashi ambako familia nyingi zimehamia zikikimbia vita, kuna wanafunzi darasani ambao jambo hilo si hadithi kwao.

Kwa hiyo mwalimu, unapochagua dondoo, pima vitu viwili kando-kando: lugha na tukio. Dondoo lenye matusi manne na halina damu linaweza kuwa salama kuliko ukurasa msafi wa lugha ambao ndani yake mtoto anauawa. Kurasa za mwanzo alizozitaja Kalamu ya Ruashi zinafaa kwa sababu hiyo pia.

Siku moja kabla ya somo, waambie darasa zima mada ni nini, na kwamba anayehitaji kusoma maandishi mengine anaweza kukuona pembeni bila kueleza sababu. Usimwulize sababu. Wakati wa somo, usiombe «ushuhuda» na usiseme «nani hapa amewahi kuona askari mtoto?» Swali hilo linafungua kidonda mbele ya watu 58 na mwalimu hana namna ya kukifunga kabla ya kengele. Maswali yote yabaki juu ya Birahima. Mwanafunzi akinyamaza kabisa, akitoka nje au akianza kutetemeka, mwache atoke na mwenzake mmoja anayemwamini, mpe maji, na baadaye mjulishe mshauri au mtu mzima wa shule anayemjua. Usimfuate na maswali siku ileile.

Kwenye jibu kwa wazazi, weka aya juu ya hili. Wataona kwamba shule inawaza juu ya watoto wao kwa undani kuliko hesabu ya maneno machafu.

---

Jurnali Wazi (aliyekuwa enspekta, Lubumbashi):

Kwa ufupi juu ya nani anaamua. Programu ya kozi inatoka kwa wizara. Kazi ya kutengeneza programu na kuangalia vitabu vya masomo iko kwa direksyo ya programu na vifaa vya kufundishia, DIPROMAD, Kinshasa. Riwaya inayotumiwa kama dondoo ni chaguo la mwalimu ndani ya programu hiyo, chini ya direkta wa masomo na prefe. Katika shule ya konvansyone, makubaliano ya 26 Februari 1977 kati ya dola na makanisa yanaacha usimamizi kwa kanisa, na programu inabaki ya dola. Maana yake: koordinasyo inaweza kumwuliza prefe juu ya maadili ya shule, ila somo la programu haliwezi kufutwa. COPA inashauri na inasikilizwa. Sheria-mfumo 14/004 ya 11 Februari 2014 inawatambua wazazi kama washiriki wa elimu. Haiwapi kalamu ya kuandika jurnali ya darasa, daftari la mwalimu la masomo ya kila siku.

Prefe asikimbilie kumwandikia proved (mkuu wa elimu wa jimbo) kabla kamati haijakaa. Faili likifika juu bila uamuzi wa shule, linarudi na amri fupi ya kuondoa, kwa sababu aliye mbali anachagua lisilo na kelele. Faili likifika na fomu, majina ya wajumbe, tarehe, fishi ya somo, dondoo lenyewe na uamuzi wenye sababu, lina uzito mwingine. Hakikisha pia jurnali ya darasa, fishi na mpango wa mwaka vinataja dondoo lilelile kwa tarehe zilezile. Nyaraka zikipingana, mjadala wa riwaya umekwisha na umeanza mwingine juu ya mwalimu.

---

Chaki Nyeupe:

Aksanti sana, wazee wangu na dada zangu. Fomu, kamati ya watu 7, kurasa za mwanzo, na taarifa ya siku moja kabla: vyote vinaingia kwenye barua. Limebaki moja. Mzazi akichagua kwamba mwanawe asome kitu kingine, ni kitu gani kinacholingana? *L'Enfant noir* ya Camara Laye imependekezwa hapa shuleni. Na pointi zinahesabiwaje bila kuonekana kama adhabu?

---

Kalamu ya Ruashi:

*L'Enfant noir* ni kitabu kizuri cha mwaka 1953, lakini ni utoto wenye amani nyumbani. Maswali yako juu ya msimulizi na vita hayatashika. Unahitaji mada ileile kwa lugha nyingine. Chukua *Johnny chien méchant* ya Emmanuel Dongala, ya mwaka 2002, ila kwa uangalifu, kwa sababu kitabu kina wasimulizi wawili, wote wa miaka 16. Sura za Johnny zina lugha chafu na ukatili kuliko Kourouma, usiziguse kwa kazi hii. Sura za Laokolé, msichana anayekimbia vita akimsukuma mama yake aliyevunjika miguu kwenye toroli, zimeandikwa kwa Kifaransa safi cha shule. Mistari 30 ya Laokolé inatosha. Mzazi aoneshwe karatasi hiyo mapema, na aambiwe kwamba kitabu kizima kina upande mwingine, asije akakinunua akidhani ni cheupe chote.

Maswali yawe yaleyale matatu kwa darasa zima: nani anasimulia na alama gani tatu zinamtambulisha (pointi 6), lugha yake inalingana vipi na maisha yake, kwa mifano miwili (pointi 8), mwandishi anataka msomaji ahisi nini, na unajuaje (pointi 6). Jumla 20 kwa kila mtu. Karatasi zote mbili ziwe na kichwa cha aina moja na ukubwa mmoja, zigawiwe pamoja, na mwanafunzi wa dondoo la pili abaki kwenye benchi lake wakati wa kuandika. Wakati wa kusoma dondoo la kwanza kwa sauti anaweza kwenda maktaba na karatasi yake, kwa dakika 30 zile za kusoma na kuchambua, kisha arudi kwa muhtasari. Usimpe kazi ya nyumbani ya ziada. Usimwandike kwenye jurnali kama aliyekosa. Kwenye daftari ya pointi weka 20 zake mstari mmoja na wenzake, bila alama pembeni.

---

Mwenye Rafu:

Nyongeza ndogo kwenye barua: taja kwamba uamuzi utarudiwa baada ya miaka miwili ya masomo, au mapema kama programu ya Kifaransa ikibadilika. Na nakala ya fomu tupu ibandikwe mlangoni mwa maktaba na kwenye biro ya prefe kuanzia Septemba, kabla hakujatokea mzozo wowote, pamoja na orodha ya riwaya za mwaka kwa kila darasa.